Yesu Alikuwa Fundi Gani?

Mlio nami tangu nilipofukuzwa redioni kwa kosa la kurusha tangazo la dawa ya kunguni katikati ya sala ya askofu, mnajua bahati yangu ilivyo. Mimi nikipata shuka, miguu hutokeza nje.

Wiki iliyopita nilipata shuka. Niliwaacha nikiwa sebuleni kwa baba wa mchumba wangu, nimeketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe. Posa imeshapelekwa, wazee wangu wameshasema yao, naye ananitazama kama mtu anayetafuta fundo kwenye ubao.

"Nitakujibu Jumapili," alisema. "Mimi ubao siukati siku ninayoletewa."

Mzee huyu ni seremala. Watu humwita Mzee Randa, maana akianza kukusema, hakuachi mpaka umelainika. Ni mzee wa kanisa pia. Juu ya mlango wa karakana yake kuna kibao alichokichora mwenyewe kwa patasi: KAZI YA MIKONO, KAMA YA BWANA.

Aliponiuliza nafanya kazi gani, nilimwambia niko gazetini, upande wa dini. Hapo ndipo alipotabasamu. Sikumwambia kwamba upande wa dini na upande wa nyota ni meza moja, na aliyeikalia ni mimi. Asubuhi nawaambia watu wamtegemee Mungu, mchana nawaambia wenye nyota ya Ng'e wasisafiri.

Wala sikumwambia habari za Mchunguzi.

Mchunguzi naye ni mimi. Ndiye anayeandika zile habari za kushtua ambazo hakuna mtu mwenye mama angependa kuzitia sahihi. Picha yake gazetini ni kivuli kilichovaa kofia. Kofia yenyewe ni ya mlinzi wetu wa getini.

Basi sikilizeni yaliyonipata.

Jumatatu mhariri aliniita. Tunamwita Bwana Kichwa, kwa kuwa habari kwake ni kichwa chake. Kiwiliwili hata kikiwa cha mbuzi hajali. Kila mwaka Pasaka ikikaribia, mtu huyu humtafuta Yesu kuliko mapadri wote. Mwaka juzi tulimwoza. Mwaka jana tulimgundulia kaburi jipya, na wiki iliyofuata tukalihamisha, kwa sababu gazeti pinzani lilikuwa limepata kubwa zaidi.

"Soma hii," aliniambia, akinigeuzia kompyuta.

Ilikuwa habari kutoka ughaibuni. Msomi mmoja kaandika kitabu, anasema lile neno la kale ambalo sisi tumezoea kulisoma "seremala" lina maana pana zaidi. Ni mtu wa kazi za mikono, huenda wa mbao, huenda wa mawe, huenda wa vyote. Yule msomi mwenyewe alisema kwa adabu, akaweka na "huenda" nyingi.

Niliiandika kwa moyo mweupe. Nilifurahi hata, maana Kiswahili kinalo neno lake hasa, limekaa tu linatungoja: fundi. Nikasema Yesu alikuwa fundi, basi, hakuna ugomvi. Kichwa nikaweka: "Neno la kale lina maana pana."

Bwana Kichwa alisoma, akavua miwani.

"Hiki ni kichwa au ni mto wa kulalia?"

"Ndivyo habari ilivyo, bosi."

"Fundi gani?"

"Fundi tu."

"Hakuna fundi tu duniani! Ukirudi nyumbani mchana ukamkuta mwanamume sebuleni, mkeo akakwambia 'huyu ni fundi', utasema 'aa, karibu fundi' ukapita chumbani? Si utauliza fundi gani?"

"Nitauliza."

"Basi na msomaji anauliza. Niachie mimi."

Nikamwachia. Na mwenye kumwachia fisi bucha asilalamike akikuta mifupa.

Jumanne asubuhi gazeti likatoka. Herufi zilikuwa za kutangazia vita: YESU HAKUWA SEREMALA! Chini yake, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: adai msomi. Na chini ya hapo, kofia ya mlinzi wetu: Na Mchunguzi.

Gazeti liliisha watu hawajanywa chai. Simu yangu ikalia. Alikuwa mchumba wangu.

"Umeona mlichokiandika?"

"Tuko wengi pale, mpenzi."

"Njoo karakana. Baba hajashika msumeno tangu asubuhi."

Nilipofika niliikuta barabara imechangamka kuliko siku ya harusi. Ng'ambo ya karakana anafanyia kazi mwashi mmoja anayeitwa Mwiko. Jina limemkaa, kwani anashika mwiko kutwa lakini yeye mwenyewe hana mwiko. Alikuwa amebandika ukurasa wetu wa mbele kwenye toroli lake, analisukuma kwenda na kurudi mbele ya mlango wa Mzee Randa. Ndani ya toroli hamkuwa na kitu.

"Mzee Randa!" alipaza sauti. "Hicho kibao unakishusha mwenyewe au nikusaidie? Bwana alikuwa wa kwetu, wa zege!"

Wapita njia wakacheka. Na mimi nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, lakini nikamwona mzee.

Alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kazi, gazeti magotini, penseli bado sikioni. Maranda ya jana yalikuwa hayajafagiliwa. Hakuwa na hasira ninayoijua mimi, ile ya kulainisha watu. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba jina analoitwa tangu utotoni si lake.

"Mwanangu," alisema, "wewe uko upande wa dini. Huyu Mchunguzi ni nani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hata shetani mwenyewe alikuwa ametoka kidogo. Lakini nilikumbuka Jumapili, nikaona posa yangu inaning'inia kama mlango wa bawaba moja.

"Huyo?" nikasema. "Hata sisi sura yake hatuijui, baba. Anatuma tu kazi."

"Ana mke?"

"Sidhani."

"Basi asipate."

"Amina," nikaitikia.

Ndiyo, ndugu zangu. Nilijilaani kwa mdomo wangu mwenyewe, nikatia na muhuri.

Jumatano Bwana Kichwa akapanua uwanja. Ukurasa mzima: YESU ALIKUWA FUNDI GANI? TUMA MAONI YAKO. Kumbe nchi nzima ilikuwa inasubiri kuulizwa.

Fundi bomba mmoja aliandika kwamba mtu anayeyaelewa maji kiasi cha kutembea juu yake hawezi kuwa wa fani nyingine. Fundi umeme akasema mwenye kujiita nuru ya ulimwengu ajulikane ni wa kwao. Chama cha mafundi cherehani kilituma tamko kwamba wao wanajitoa, kwa sababu ile kanzu yake haikuwa na mshono, na kazi ya namna hiyo ingewaua njaa. Fundi saa naye akaandika kwa unyonge kwamba hakuwa wa kwao, maana alisema wazi saa yenyewe haijui.

Chumba cha habari kilicheka mpaka kikatoka machozi. Mimi nilikuwa nachapa maoni, nacheka kwa mdomo tu.

Usiku huo huo nikajaribu kuzima moto. Nikaandika, kwa kofia ile ile ya Mchunguzi, kwamba ukilitazama neno fundi kwa mapana na marefu yake, seremala naye yumo ndani, tena kiti cha mbele, na hakuna sababu ya mtu yeyote kushusha kibao chake. Nikampelekea Bwana Kichwa, nikamwomba asiguse.

Hakugusa hata nukta. Aligusa kichwa tu: NANI ANAMTISHA MCHUNGUZI?

Kufikia Alhamisi jioni maseremala wa mji mzima walikuwa wanatuhumiwa kwa vitisho. Walikuwa hawajamtisha mtu. Sasa wakaanza kuona kwamba lilikuwa wazo zuri.

Kabla sijapumua, kituo cha televisheni kikapiga simu. Jumamosi alasiri, mjadala wa moja kwa moja: Mzee Randa upande mmoja, Mwiko upande mwingine, na Mchunguzi nyuma ya kitambaa cheupe, sauti imebadilishwa.

Mzee Randa aliniita mwenyewe.

"Mimi sijazoea mambo ya kamera," alisema. "Utakaa pembeni yangu, mkwe."

Mkwe! Neno nililolisubiri mwaka mzima. Lilinijia siku hiyo, na likanichoma kama chai iliyomwagikia mapajani.

Nikakimbilia kwa Bwana Kichwa.

"Bosi, siwezi kukaa viti viwili."

"Kwani kuna shida gani? Kipindi kikianza unakaa na mzee. Tangazo la kwanza likiingia, unahama unakwenda nyuma ya kitambaa."

"Na mzee akiuliza nimekwenda wapi?"

"Mwambie umekwenda msalani. Hata manabii walikwenda."

Ijumaa nilipita kwenye duka la dawa anapofanya kazi mchumba wangu. Nilitaka nimwone tu, nipate nguvu. Hakukuwa na wateja. Aliweka gazeti la jana juu ya kaunta, akalitandaza kwa viganja vyote viwili.

"Mchunguzi ni wewe."

"Mimi? Mimi na wapi, mpenzi!"

"'Kwa mapana na marefu yake,'" alisoma. "Nani mwingine anaongea hivi? Siku uliyonitongoza ulisema unanipenda kwa mapana na marefu. Nilidhani unapima kabati."

Nilichukua chupa ya dawa ya kikohozi, nikaanza kusoma maelekezo.

"Weka chini hiyo."

Nikaweka.

"Ni kichwa tu kilichoharibu," nikajitetea. "Habari yenyewe ilikuwa safi. Kichwa aliandika bosi."

"Mimi sigombani na wewe kwa ajili ya Yesu. Yesu ameandikwa mabaya zaidi, na yupo." Akalikunja gazeti. "Baba hajasoma. Maisha yake yote watu wakitaka kumdharau wanamwita 'wewe fundi'. Hata nilipokuwa shule, wazazi wa wenzangu walikuwa wanamwambia apitie mlango wa nyuma akileta madawati. Unajua alikuwa ananiambia nini tukirudi? 'Usijali, mwanangu. Mwana wa Mungu naye alitoka kazini na maranda kichwani.' Ndicho alichokuwa nacho. Na wewe ulikaa naye pale, ukamwangalia, ukasema humjui aliyemnyang'anya."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani awe kopo.

"Nimwambie?"

"Kabla ya Jumapili. Kwa mdomo wako."

"Atanikatalia posa."

"Ukimwambia, huenda akakunyima. Usipomwambia, nitakunyima mimi."

Akaingia mteja akiuliza dawa ya mafua. Mchumba wangu akafuta macho, akamhudumia. Nikatoka.

Jumamosi ikafika. Kituo kile kina chumba kidogo chenye vioo vilivyozungukwa na taa, ambamo watu hupakwa poda wasing'ae kwenye kamera. Mzee Randa alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikaa wima, anampangusia binti wa poda kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Dirishani niliona maseremala wenzake wamejaa uani, wamekuja kumshangilia. Wengine walikuwa wametoka moja kwa moja kazini, nyundo mikononi.

"Wanasema wanamsubiri huyo Mchunguzi," aliniambia mzee. "Nimewaambia wasimguse. Sijui kama wamenisikia."

Nikaliacha dirisha, nikamgeukia.

"Baba."

"Naam, mkwe."

"Mchunguzi ni mimi."

Mkono wa binti wa poda ukasimama hewani. Mzee alikuwa ameshapakwa shavu moja, la pili bado. Alinitazama kupitia kioo.

"Rudia."

"Ni mimi, baba. Kichwa si changu, lakini habari nimeandika mimi. Na uongo wa Jumanne ni wangu mwenyewe, hakunisaidia mtu."

"Na ile amina?"

"Na amina ni yangu."

Nilitamani anipige, maana mtu akipigwa hujua ameadhibiwa na mambo yameanza kwisha. Hakunipiga. Alifumba macho, akamgeuzia binti shavu lililobaki.

"Malizia," alimwambia.

Mara mlango ukafunguliwa, mtu akatuita ndani, tukaenda. Alitembea mbele yangu, hakugeuka.

Ukumbini taa zilikuwa kali. Mwiko alikuwa ameshakaa, mwiko wake mpya unachungulia mfukoni mwa shati. Upande wa kushoto kulikuwa na kitambaa cheupe, na nyuma yake kiti kitupu. Bwana Kichwa alisimama kando ya kamera, ananikonyeza kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Mchumba wangu alikaa mstari wa mbele. Aliniuliza kwa nyusi. Nikaitikia kwa kichwa. Akashika mdomo.

Mtangazaji akaanza. Mwiko akachukua uwanja: kule kulikuwa na mawe tele na miti michache, seremala angekula nini? Watu wakacheka. Mtangazaji akamgeukia Mzee Randa mara ya kwanza, akajibu "ndiyo". Mara ya pili, "hapana". Mtu mwenye maneno ya kulainisha ukoo mzima alikuwa amekaa kama gogo lisilopasuliwa, na mimi ndiye niliyemkausha.

Mtangazaji aliona kipindi kinamfia mikononi. Akainama mbele.

"Mzee Randa, gazeti limetuhakikishia kwamba Mchunguzi yumo humu humu ndani leo. Wewe umemtafuta wiki nzima. Waambie watazamaji, tena wenzako kule nje wanakusikia kwenye spika. Unamjua Mchunguzi ni nani?"

Bwana Kichwa aliacha kukonyeza. Nilishika mikono ya kiti, na miguu yangu ikaanza kuutafuta mlango bila kuniuliza.

Mzee Randa akageuza shingo. Hakuitazama kamera wala mtangazaji. Alinitazama mimi, machoni, kwa muda ambao kwenye televisheni ni mrefu mno.

"Simjui mtu huyo," alisema.

Mzee wa kanisa! Hewani, mbele ya nchi! Mtu ambaye sijawahi kusikia amedanganya hata umri. Watu wakapumua, mtangazaji akakata tamaa, tangazo la sabuni likaingia.

Sikwenda nyuma ya kitambaa; kile kiti kikabaki kitupu. Alikuwa amenificha, au alikuwa amenifuta? Maneno yale yale yanatosha kazi zote mbili. Kama alinificha, basi ameingia dhambini kwa ajili yangu, na sina cha kumlipa. Kama alinifuta, ametamka mbele ya watu wote kwamba yule kijana aliyemwita mkwe hayupo tena.

Mchumba wangu akanifikia kwenye korido kipindi kilipokwisha.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema malizia poda."

"Acha mchezo!"

"Wallahi ndicho alichosema."

Mzee alikuwa mbele yetu, anaelekea kwenye ngazi, anajifuta uso kwa leso. Poda ilikuwa imeingia kwenye mikunjo ya mashavu, haitoki. Nilimkimbilia. Nilijua si wakati wake, lakini moyo ulishanitangulia.

"Baba, shikamoo."

"Tumeshasalimiana leo."

"Baba, nisamehe. Nakuomba unisamehe. Na lile jibu la posa..."

Alisimama ngazi moja chini yangu. Akaikunja leso, akaipiga pasi kwa kidole gumba, akaitia mfukoni. Sauti za wenzake zilikuwa zinapanda kutoka uani, wanaliita jina lake. Binti yake alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Njoo kesho," alisema, akashuka.

Kesho ni Jumapili, siku aliyoiweka mwenyewe. Lakini aliyesema ni fundi, na ninyi nyote mmewahi kuambiwa na fundi njoo kesho.